Maji ya Korongoni na Bwana Meja

Nilimwekea Bwana Meja kikombe mezani, kando ya birika lake la chai, nikamwambia anywe. Yalikuwa maji ya kisima cha korongoni. Niliyachemsha mwenyewe kwenye jiko la mpishi wake, mpishi akinitazama, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, ili asije akaniambia mzungu hanywi maji mabichi. Neema alikuwa mgongoni kwangu, amelegea kama khanga iliyolowa. Mume wangu, ambaye mgodi mzima ulimwita Sajini, alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza na fimbo yake kwapani, maana ile ilikuwa saa yake ya kutoa ripoti. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Neema, rudi nyumbani." Sikugeuka. Meja akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kambini, "Nini hii, mama?" Nikamwambia ni maji. "Mimi nakunywa chai," akasema. Nikamjibu, "Chai ipo, haikimbii. Mwanangu amekunywa haya mpaka anatapika nyongo. Wewe nakuomba funda moja." Akakitazama kikombe. Alikuwa mtu mrefu, uso mwekundu, na masharubu ya rangi ya mtama, na sijapata kuona mtu mkubwa kiasi kile akitazama kitu kidogo kiasi kile kwa muda mrefu namna ile. Kisha akakisogeza kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka kikafika ukingoni mwa meza upande wangu. "Hii maji mzuri," akasema. "Hapana shida." Nikamuuliza, kama ni mazuri mbona unayasukuma. Akamwita mpishi amletee maziwa ya chai. Basi. Uvumilivu wangu uliishia pale, mbele ya yale maziwa.

Ninayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Nyahanga kumzika Mama Kulwa, jirani yangu wa mgodini mwaka ule wa kikombe, na pale matangani, tukiwa tumeketi kwenye mikeka, kijana mmoja mwenye pikipiki, mchukuzi wa wachimbaji wa huko Bulyanhulu, akaanza kuwasimulia wenzake habari za mzungu wa zamani aliyempenda babu yake. Meja yule alikuwa na utu, akasema. Aliwapa watu mablanketi, aliwasalimia kwa majina. Wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni tamu, kama watu waliompoteza mtu wao. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mablanketi ni kweli. Mimi nilipewa moja, la kijivu. Sasa muulize mtu aliyekuwepo habari za maji." Akanitazama kama bibi aliyeharibikiwa akili, akasema, "Shikamoo, bibi," salamu ya pili katika saa moja, ambayo ni njia ya adabu ya kumwambia mzee anyamaze. Nikaitikia marahaba. Ila sikunyamaza, nimekuja kuandika. Ukoo wangu na jinsi nilivyofika darasa la kumi kwa masista si habari ya leo.

Mgodi ule ulikuwa katika vilima vya upande wa Geita, na sisi tuliishi kwenye laini: vyumba vya matofali vilivyoshikana mbavu, paa moja la mabati juu ya wote, na kuta ambazo hazikufika kwenye bati. Aliyejenga alisema ni kwa ajili ya hewa. Mimi naona ni kwa ajili ya masikio. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakupa pole. Ndani kwetu kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mume wangu la jeshini, picha ya Mama Maria niliyoitoa shule, na jiko nililolitoa nje asubuhi na kuliingiza jioni. Tulikula ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo Wasukuma hawachoki nayo, na siku za bahati maziwa ya mgando kutoka kwa Mzee Masanja, mfugaji aliyekaa ng'ambo ya korongo. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Kulwa na pacha wake, Kulwa na Doto. Mumewe alifanya kazi chini, kwenye mashimo. Mama Kulwa hakujua kusoma, na hakujua kunong'ona pia. Alizungumza nami juu ya ukuta kama mtu anayeita ng'ombe, na ndiye aliyekaa na Neema asubuhi nilipokwenda kanisani kuwafundisha wanawake kusoma.

Habari za Meja, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa mgodi, tulizipata kwa mpishi wake, Mzee Ramadhani, Mmanyema wa Ujiji, ambaye alipita kwetu kila alasiri akitafuta mtu wa kumsikiliza. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba Meja kwao Uskoti alikuwa Sa, cheo cha ukoo kinachorithiwa, na kwamba alikipata baba yake mkubwa alipokufa bila mtoto. "Kwao yule ni kama mtemi," akasema, "ila hana watu." Mama Kulwa akauliza juu ya ukuta, mtemi asiye na watu ana nini sasa. "Ana nyumba ya mawe yenye vyumba visivyohesabika, na paa linavuja. Na yeye hana mtoto. Akifa, cheo kinakwenda kwa mtoto wa binamu ambaye hawapikiki chungu kimoja." Mama Kulwa akauliza kama hana dada. Mzee Ramadhani akasema dada anaye, na dada ana wavulana wanne, lakini kwao mwanamke hapitishi kitu. Mama Kulwa akacheka mpaka pacha wakaamka. "Basi hao hawana akili. Hapa kwetu zamani utemi ulikwenda kwa mtoto wa dada, maana huyo ndiye una hakika ni damu yako. Huyo mwingine umemwamini mke wako tu."

Tuliambiwa pia kwamba Meja hakuwa mwanajeshi wa kila siku tena. Alikuwa wa akiba. Kila mwaka aliitwa Nairobi majuma kadhaa kwa mazoezi, na kabla ya safari Mzee Ramadhani alipiga pasi magwanda mpaka yakasimama yenyewe. Mama Kulwa akataka aelezwe mwanajeshi wa akiba ni mtu gani. Nikamweleza kwamba anakaa na kazi zake, ila vita vikija anachukuliwa. "Kumbe kama michembe," akasema. "Wanamkausha, wanamweka darini, mpaka njaa ije." Kuanzia siku ile, kwenye laini yetu, Meja aliitwa Mchembe, kiazi kikavu, lakini kwa sauti ndogo, na kamwe si mbele ya mume wangu. Mume wangu alikuwa na Meja vitani Bama, yaani Burma. Alipougua kuhara damu, Meja alimvusha mto akimshika kwa ukosi, na vita vilipokwisha akamtafuta mpaka kijijini kwao, akampa kazi ya kuwasimamia askari wa mgodi. Niliolewa na mtu ambaye tayari alikuwa na deni la roho kwa mwanamume mwingine. Ukitaka kujua ndoa hiyo inakuwaje, kaa mezani na mtu anayeacha kutafuna kila anaposikia motokaa.

Nieleze maji sasa. Kulikuwa na chemchemi juu kilimani, ikaletwa kwa bomba mpaka nyumbani kwa Meja, na nje ya lango lake paliwekwa bomba moja la watu wa laini. Chini kabisa, korongoni, kulikuwa na kisima cha zamani kilichochimbwa kabla ya mgodi, wanywe wachungaji na ng'ombe. Katikati, juu ya korongo, ndipo lilipokuwa bwawa la tope. Mawe ya dhahabu yanasagwa kinuni mpaka yanakuwa uji, uji unatiwa dawa ya sumu inayoikamata dhahabu, na uji unaobaki unamwagwa bwawani. Ukuta wa bwawa ulikuwa wa udongo. Mwaka ule mvua zilikuja kwa hasira, Meja akiwa Nairobi na magwanda yake, na watu wa kinuni wakaanza kusema ukuta unatoka jasho. Nilimsikia mmoja akimwambia mume wa Mama Kulwa, upande wa pili wa ukuta wangu, "Upande wa korongoni pamelowa hata jua likiwaka." Mwenzake akamjibu, "Subiri Mchembe arudi." Wakazungumza mambo mengine.

Siku Meja aliporudi, ng'ombe wa Mzee Masanja walikuwa wamekufa korongoni, watatu, wakiwa wamelala karibu na maji kama waliopigwa rungu. Sasa ujue desturi ya pale. Ng'ombe akijifia, hatupwi. Waislamu kina Mzee Ramadhani hawagusi kibudu, lakini sisi wengine tunakuja na visu, mwenye ng'ombe anagawa, na kilio chake kinapozwa na moshi wa nyama. Hata ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa, wazee wanachemsha sana na wanakula. Meja aliijua desturi hiyo, alikuwa ameiona miaka, wala hakupata kuisemea neno. Mama Kulwa alikuwa ameshafika na beseni, ameshachagua upande wa mbavu. Ndipo motokaa ikateremka, Meja akashuka, bado na vumbi la safari na nishani kifuani, na nyuma yake askari, mume wangu mbele. "Hapana kula," akasema. "Hii kimeta." Askari wakasukuma watu nyuma, wakamwaga dizeli, wakachoma ng'ombe wote watatu, ngozi na pembe. Mzee Masanja alisimama akitazama, mikono juu ya kichwa. Akasema tu, kwa Kisukuma, kwamba hajaona mtu akichoma chakula mbele ya wenye njaa ila awe na jambo.

Kufikia jioni jambo lilikuwa limeshapewa jina: mumiani. Vijana wa leo mnalisikia neno hilo na kucheka. Wakati ule watu waliamini kabisa kwamba wapo wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu, damu ikatengenezwe dawa. Wakasema Meja amekuja na dawa kutoka Nairobi, amewajaribia ng'ombe kwanza, amechoma ushahidi, kinachofuata ni watu. Na bomba letu lilikuwa wapi? Langoni kwake. Siku tatu hazikupita, wanawake wa laini wakaacha bomba. Wakahamia kisima cha korongoni, mbali na lango, mbali na askari, mbali na motokaa yenye turubai. Nilisimama mlangoni nikawaona wakiteremka mmoja mmoja na ndoo, wanaimba. Mama Kulwa aliniambia, "Wewe endelea na bomba lako, mke wa Sajini. Wewe damu yako wameshaiandikisha." Niliendelea nalo. Sikuamini mumiani, masista walitutoa ujinga huo kwa kiboko. Lakini Neema alikaa kwa Mama Kulwa asubuhi, akala uji wa pale, akanywa maji ya pale.

Nami nilikuwa na shaka yangu, ya aina nyingine. Kimeta nilikijua. Kila mtu aliyelelewa na ng'ombe anakijua. Kimeta kikitajwa, bwana mifugo anakuja na sindano, ng'ombe wa nchi nzima wanazuiwa kutembea, mnada unafungwa. Nikasubiri. Hakuja bwana mifugo. Siku ya mnada ng'ombe wa Masanja waliobaki wakapita barabarani, kengele shingoni, mbele ya lango la Meja kabisa, na Meja akiwa barazani. Akawapungia mkono. Nilimuuliza mume wangu, "Kimeta gani hiki kinachokwenda mnadani?" Akasema, "Meja anajua." Nikasema hilo ndilo linalonitisha. Akaweka tonge chini. "Mama Neema, yule mtu alinivusha mto." Nikamwambia mto ulikuwa Bama, hapa tuna korongo. Upande wa pili wa ukuta Mama Kulwa akakohoa kwa makusudi.

Kisha watoto. Alianza Doto, akafuata Kulwa, akafuata Neema: kutapika, kichwa kinauma mpaka wanakishika kwa mikono miwili, pumzi fupi kama waliokimbia. Neema alikuwa ndiyo kwanza anatamka maneno, na maneno yakaanza kumpotea. Dresa wa zahanati ya mgodi akasema malaria, akatupa vidonge vichungu. Neema akazidi. Ndipo nikaanza kuwatazama wanaougua na wasiougua, kazi niliyofundishwa darasani na sikudhani ingenifaa. Mzee Ramadhani mzima. Askari wanaolala langoni wazima. Mimi mzima. Waliougua wote walikuwa wa ndoo za korongoni. Nikaenda kwa Mama Kulwa, nikamkuta amemlaza Doto mapajani, nikamwambia, "Si damu anayoitaka. Ni hayo maji." Akanitazama kwa macho yasiyolala. "Nani kakuambia? Mumeo?" Nikamwambia ng'ombe ndio walioniambia. Kama ingekuwa kimeta angezuia walio hai. Yeye amezuia nyama tu, maana alijua kilichokuwa tumboni mwao. Akampangusa Doto mdomo kwa upindo wa khanga. Kisha akasema, "Basi alituona tukiacha bomba. Kila asubuhi yuko barazani na darubini yake ya kutazamia ndege wa porini. Ametuona tukipita na ndoo."

Hilo ndilo lililonipeleka barazani na kikombe. Mtu anaweza kukosa kujua ukuta umevuja. Mtu anaweza hata kudanganya juu ya ng'ombe, aokoe kinu chake kisifungwe na mkaguzi wa migodi. Lakini kuwaona wanawake wakikimbia maji safi kwa sababu ya uvumi, wakiteremkia kwenye sumu, na kuendelea na chai, maana kuwazuia ni kukiri! Uvumi ule ulimfaa. Watu wajinga wanaogopa mumiani, wao wenyewe wamehama bomba, yeye afanyeje?

Niliporudi kutoka barazani mume wangu alinifuata mpaka chumbani, akafunga mlango, jambo lisilo na maana katika nyumba isiyo na kuta kamili. Nilidhani atanipiga. Nilikuwa nimeshashika mwiko. Akaketi juu ya sanduku lake la jeshini. "Umenivua nguo mbele ya bwana wangu," akasema. Nikamwambia achague bwana au mtoto, chumba hiki hakitoshi wote. Akamtazama Neema kwa muda. Kisha akaanza kusema, akitazama sakafu, kwa ile sauti ya kutoa ripoti. "Siku ile ya ng'ombe, tulipomaliza kuchoma, alinipa amri. Mbwa wake wawili wafungwe mnyororo. Wasiteremke korongoni tena. Aliniambia nimuadhibu askari atakayewaacha." Nikamuuliza kama alisema kwa nini. "Sikuuliza. Amri haiulizwi." Juu ya ukuta hakuna aliyekohoa. Laini nzima ilikuwa imeacha kutafuna. Nikamuuliza kama atayasema hayo mahali pengine. Akasema, "Nikiitwa na serikali, nitasema. Nisipoitwa, usinitume."

Asubuhi nilipanda lori la pamba lililokuwa linapita bomani, Neema mgongoni, Mama Kulwa pembeni na Doto, Kulwa akiwa amebaki na baba yake, akiwa amevaa gauni langu kwa sababu lake lilikuwa na matapishi. Karani wa boma alikuwa kijana nadhifu aliyevaa soksi ndefu. Nilipomwambia nimekuja kumshitaki nani, akaweka kalamu chini. "Dada, yule ni Sa. Anakula chakula cha usiku na Bwana DC." Nikamwambia vizuri, watakuwa na cha kuzungumza. Akauliza kama mume wangu anajua. Nikasema anajua. Akavuta karatasi, akaanza kuandika haraka, na niliposoma juu chini kutoka upande wangu wa meza nikaona ameandika kwamba wanawake wa mgodini wana hofu ya mumiani. Mama Kulwa akamwambia, "Ndiyo, andika hivyo hivyo, na ng'ombe aliwachoma." Nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba neno hilo likiingia mle ndani, watalisoma hilo, watacheka, na mengine hawatayasoma. Alinyang'anywa lile alilokuwa na hakika nalo kuliko yote, na bado akasema, "Haya. Futa. Lakini Doto abaki." Nikamwomba karani karatasi nyingine na kalamu yake. Akasema mashitaka huandikwa kwa Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza ninacho, ila Bwana DC amefanya mtihani wa Kiswahili, na mashahidi wangu watataka kusomewa walichoapia. Nikaandika nimesimama, maana hakunipa kiti. Haya ndiyo niliyoandika, na nilimsomea Mama Kulwa kwa sauti kabla hajaweka alama ya kidole gumba.

"Kwa Bwana Mkuu wa Wilaya. Mimi Veronika Shija, mke wa Sajini wa askari wa mgodi, ninamshitaki meneja wa mgodi huo. Bwawa la tope linavujia kisima cha korongoni tangu mvua. Ng'ombe watatu wa Masanja walikunywa hapo wakafa, na meneja akasema ni kimeta, lakini hakumwita bwana mifugo wala hakuzuia ng'ombe wengine kwenda mnadani. Watoto wanaokunywa hapo wanaumwa. Wawili tumekuja nao, watazame. Wanaokunywa maji ya bomba hawaumwi. Meneja amewaona wanawake wakichota maji hayo kila asubuhi na hakuwakataza. Naomba mkaguzi wa migodi aje apime maji kabla ukuta haujatengenezwa. Naomba mume wangu aitwe na serikali aulizwe kwa kiapo amri aliyopewa siku ng'ombe walipochomwa, ambayo ni kuwafunga mbwa wa meneja wasiteremke korongoni. Mbwa hao ni wazima mpaka leo. Siombi aadhibiwe kwa kuwapenda mbwa wake. Naomba aeleze, mbele yetu na kwa Kiswahili, kwa nini siku ile ile hakukifunga kisima."